Mikanda Mitano ya Ruangwa

Ilikuwa Jumanne, tarehe nane Julai, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mikorosho ya Mandawa, umande ulikuwa bado unadondoka, na upepo haukuwapo. Kwa wapulizaji wa salfa, unga wa njano wa kutibu mikorosho, hakuna hali ya hewa iliyo bora kuliko hiyo, kwa sababu unga hunata vizuri kwenye maua na majani yaliyolowa. Kwa Daktari Beatrisi ilikuwa asubuhi mbaya.

Alikuwa amesimama pembeni mwa shamba, kishikwambi mkononi, akisoma matokeo ya wiki tatu. Mradi wake ulikuwa umewavisha wapulizaji ishirini mikanda ya kifuani. Kila mkanda ulikuwa na kihisi kidogo kilichopima mapigo ya moyo na pumzi za mtu anayebeba mashine ya kupulizia mgongoni na kuvuta vumbi la salfa. Mikanda kumi na mitano ilikuwa imeleta takataka. Mingine ilionyesha mstari ulionyooka kama wa maiti. Mingine ilionyesha moyo wa mtu mzima asubuhi, wa mtoto mchana na wa kikongwe jioni. Mikanda mitano tu ndiyo iliyoleta mistari safi, kama ya kitabuni.

Mkataba wake wa utafiti wa baada ya uzamivu ulikuwa unaisha tarehe thelathini Septemba. Profesa Eliudi, msimamizi wake huko Dar es Salaam, alikuwa amemwambia bila kuzunguka: mikanda ikifanya kazi msimu huu, atamwombea miaka miwili zaidi. Isipofanya kazi, afungashe. Ripoti ilitakiwa Ijumaa.

Akamwendea Bi Mwantumu, mwenye mkanda namba nne, mmoja wa ile mitano. Bi Mwantumu alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano, mikorosho sitini na mashine yake mwenyewe. Alikuwa ameizima na kufungua khanga aliyojifunika usoni. Kope zake zilikuwa za njano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso kama aliyeng'ata ganda la korosho?"

"Mama, huu mkanda wako umewahi kuharibika?"

"Uliharibika wiki ya kwanza tu. Ulikuwa mweusi tii, kama sufuria ya msibani."

"Ukafanya nini?"

"Kwanza nilifurahi."

"Ulifurahi?"

"Si ulikuwa umevuta sumu?" Bi Mwantumu alimshangaa. "Vile vipande viwili vya fedha vinavyogusa ngozi viligeuka vyeusi. Pete ya fedha ikigeuka nyeusi kidoleni, imekutolea baya mwilini. Hilo hata mtoto analijua. Tukasema, kumbe daktari ametuletea mkanda wa kunyonya salfa kifuani. Jioni nikamvisha mama mkwe, ana kifua cha siku nyingi. Nikamvisha na mjukuu. Asubuhi nikausugua kwa majivu mpaka ukang'aa, nikauvaa kwenda shambani. Wenzangu wote wamefanya hivyo. Ungeleta hata mikanda mia, tungeimaliza."

Beatrisi alifumba macho. Majivu yalikuwa yamekwangua tabaka lote la fedha, na mioyo mitatu ya nyumba moja ilikuwa imeandikwa kwenye namba moja.

"Mama, nilisema usivaliwe na mtu mwingine!"

"Ulisema. Hukusema kwa nini. Sisi tukadhani unaogopa utaisha nguvu." Bi Mwantumu alijifuta jasho. "Halafu ukafa kabisa. Niliona haya kukuambia, nikaupeleka kwa Fundi Twaha. Wenzangu wanne wakanifuata. Yeye ndiye aliyetuambia mkanda huu ni kama mswaki, kila mtu na wake."

"Twaha gani?" Beatrisi aliuliza, ingawa alijua.

"Ruangwa kuna Twaha wangapi wanaofufua mashine?"

Jina hilo lilimchoma. Miaka kumi na miwili iliyopita yeye na Twaha walisoma pamoja uhandisi wa vifaa tiba, wote wawili chini ya Profesa Eliudi. Twaha alikuwa wa kwanza kila muhula. Beatrisi alikuwa wa pili kila muhula. Beatrisi alikesha, alikariri, alikunywa chai ya rangi mpaka vidole vikatetemeka. Twaha aliingia kwenye mtihani akitoka kucheza bao, na bado akawa wa kwanza. Kisha baba yake Twaha akafariki. Twaha akaacha shahada ya uzamili katikati, akarudi Ruangwa kulea wadogo zake watano. Nafasi ya masomo ya ughaibuni iliyokuwa imetengwa kwa ajili yake akapewa Beatrisi. Watu walimpongeza. Yeye alijua ameipata kwa sababu mtu aliyekuwa mbele yake alitoka kwenye foleni.

Kwa miezi kumi na minne ya mkataba wake alikuwa akipita Ruangwa mjini, akitoka kwa mama yake huko Nachingwea kwenda Mandawa, na hakusimama hata mara moja. Kama angesema kweli, angesema kwamba alitaka siku atakapomwona Twaha amkute amechakaa.

Hakumkuta amechakaa.

Saa nne asubuhi aliegesha pikipiki ya mradi mbele ya banda lililokuwa mkabala na soko. Upande mmoja wa banda palikuwa na meza ya redio, simu na mashine za kupulizia. Upande wa pili palikuwa na cherehani. Kwenye benchi la nje walikuwa wameketi watu sita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akilalamika kwamba anacheleweshwa.

"Ehee! Daktari!" Twaha aliinuka. Alikuwa amenenepa, na unene ulimkaa vizuri. "Hajra, njoo uone. Huyu ndiye mtu pekee aliyewahi kunikaba koo darasani."

"Kukukaba tu," Beatrisi alisema. "Sikukupita."

"Ungenipita, leo hawa wangekuwa na fundi gani?" Twaha alicheka, na benchi zima likacheka pamoja naye.

Hajra alitoka nyuma ya cherehani, mwembamba, utepe wa kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Alizitoa pini, akamsalimu mgeni kwa mikono miwili, akamwekea sahani ya mihogo ya kuchemsha na chai. "Karibu, dada. Jina lako tunalitaja humu ndani kila siku. Huyu Baba Amna akishindwa na kifaa husema, Beatrisi angekaa nacho mpaka kiseme."

Sifa hiyo haikumfariji Beatrisi. Ilimuuma zaidi. Mtu anayekusifu bila kusita ni mtu ambaye hajawahi kukuogopa.

"Mikanda," alisema. "Uliitengenezaje?"

"Kwanza nilicheka." Twaha alichukua mkanda uliokufa kutoka mkononi mwa Beatrisi na kuuweka mezani. "Salfa na fedha, Beatrisi! Zikikutana zinaoana, na arusi yao ni nyeusi. Somo la kidato cha tatu! Aliyebuni mikanda hii alidhani wakulima wa korosho wanapulizia maji ya waridi."

"Niliibuni mimi."

Mzee mmoja kwenye benchi alikohoa. Twaha alijikuna kichwa.

"Basi ni mizuri sana," alisema. "Imekosea mkoa tu."

Benchi lilicheka tena. Beatrisi alitabasamu kwa meno, lakini kifuani aliwaka. Kidato cha tatu. Alikuwa ameandika kurasa mia mbili na kumi kuhusu vihisi vinavyovaliwa mwilini. Alikuwa ameijaribu mikanda ile katika maabara yenye hewa ya baridi, kwenye vifua vya wanafunzi waliokuwa wakikimbia juu ya mashine. Hakuna aliyewahi kuwamwagia salfa.

Twaha alieleza kwa utaratibu, kama alivyokuwa akieleza zamani. Aliviondoa vipande vya fedha na kuweka vya chuma cha pua, alivyovikata kutoka kwenye migongo ya saa mbovu za mkononi. Chuma hicho hakigombani na salfa. Tatizo lilikuwa kukishikisha kwenye kitambaa. Hakikukubali risasi ya kulehemu, na gundi iliachia kwa jasho.

"Siku tatu alihangaika," Hajra alisema. "Nikamwambia, Baba Amna, hicho unachokitafuta ni kifungo, si redio. Nikampa vifungo vya kubana, hivi vya nguo za watoto. Upande mmoja kitambaa, upande mwingine chuma, unagonga mara moja."

"Mara moja," Twaha alikubali. "Nami nilikuwa nimeshachafua meza nzima."

Akamfungulia daftari la mraba. Ndani yake palikuwa na jedwali: namba ya mkanda, tarehe, kipimo kabla, kipimo baada, maoni. Mwandiko ulikuwa uleule, mdogo na ulionyooka. Kila kipimo kilikuwa kimerudiwa mara tatu. Hakuna aliyemwamuru. Hakuna aliyemlipia safari wala posho. Beatrisi aligeuza kurasa nne akitafuta kosa, na hakulipata.

"Dada," Hajra aliuliza, huku akiingiza uzi kwenye sindano ya cherehani, "ninyi mkiandika huko kwenye vitabu vyenu, huwa mnaandika na jina la fundi?"

"Hajra, mwache mgeni ale," Twaha alisema akicheka. Lakini mkono wake wenye bisibisi ulisimama. Ulisimama kwa muda mfupi tu, na Beatrisi aliuona.

"Tunaandika," alijibu.

Saa kumi na moja jioni, barazani kwa mama yake Nachingwea, alianza ripoti. Aliandika: "Vipande vya fedha vilibadilishwa na kuwekwa vya chuma cha pua." Sentensi ilikuwa sahihi. Haikuwa na mtu ndani yake. Aliongeza: "kwa msaada wa fundi wa eneo hilo." Akaitazama, akaifuta. Akairudisha, akaifuta tena.

Simu ikaita. Alikuwa Profesa Eliudi.

"Nimeona mistari ya mikanda mitano. Umefanya nini?"

Beatrisi alieleza: chuma cha pua, migongo ya saa, vifungo vya kubana.

"Vifungo vya nguo za watoto?" Profesa alisema taratibu. "Wazo la nani hilo?"

Jibu lilikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa fupi. Beatrisi alimwona Twaha kwenye kiti chake, amenenepa, amezungukwa na watu wanaocheka naye kwa upendo, na mke anayempa jibu la siku tatu kwa neno moja. Twaha alikuwa na kila kitu. Je, alihitaji na hiki?

"Langu," alisema.

"Vizuri sana! Basi Alhamisi nakuja na wageni wawili wa mradi. Nataka kuona mikanda yote ishirini ikiwa hivyo."

Jumatano alfajiri Beatrisi alijaribu mwenyewe. Alikata mgongo wa saa, ukampasua kidole. Alipiga kifungo, kikapinda. Alipiga cha pili, kikatoboa kitambaa. Saa tatu alikuwa tena mbele ya banda la Ruangwa, mikanda kumi na mitano ndani ya mfuko na kitambaa kidoleni.

"Profesa anakuja kesho," alisema. Hakusema zaidi.

Twaha aliwatazama watu wa benchi. "Jamani, leo nina mgeni wa shule. Rudini kesho." Wakaondoka, wakimtania kwamba sasa amekuwa daktari wa mikanda.

Walifanya kazi mpaka alasiri. Twaha alikata na kusugua kingo. Hajra alitoboa na kugonga. Mkono wa mmoja ulinyooka, na kabla haujaomba kitu, mkono wa mwenzake ukakiweka kiganjani. Beatrisi aliandika namba. Ughaibuni alifanya kazi miaka minne na mtu wa meza ya pili, na mara nyingi waliongea kwa barua pepe tu. Alijaribu kuwatafutia hawa wawili kasoro. Bati lilikuwa na tundu. Feni ilikuwa na kelele. Cherehani ilikuwa ya kukanyaga, ya miaka mingi. Kila kasoro aliyoipata ilikuwa ya banda, si ya watu.

"Profesa bado mkali?" Twaha aliuliza.

"Bado."

"Msalimie. Au usimsalimie, atauliza niliishia wapi." Alicheka peke yake. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Wakati mwingine napenda kujua kama bado ninaweza. Mikanda hii imenijibu."

Hapo ndipo Beatrisi angeweza kusema kweli. Alifunga mfuko, akashukuru, akapanda pikipiki.

Alhamisi saa mbili asubuhi gari la mradi lilisimama Mandawa. Profesa Eliudi alishuka, mrefu, mwenye miwani, pamoja na wageni wawili wenye kofia. Wapulizaji walivaa mikanda, wakawasha mashine, wakapotea ndani ya wingu la njano. Kwenye kishikwambi mistari ishirini ilitokea, mmoja baada ya mwingine, yote safi.

Mgeni mmoja alipiga makofi. Profesa alimgeukia Bi Mwantumu, aliyekuwa ametoka kuongeza unga na kuuvua mkanda wake. "Mama, mkanda huu umetengenezwa vizuri. Walikueleza ulivyotengenezwa?"

Bi Mwantumu alimtazama Beatrisi. "Mwenye shughuli yupo hapa," alisema. "Muulize yeye. Mimi nitasemaje mbele yake?"

Profesa aliugeuza mkanda mikononi, akabonyeza kifungo, akakibonyeza tena. Uso wake ulilainika kwa namna ambayo Beatrisi hakuwahi kuisababisha katika miaka yote ya kufundishwa naye.

"Mnaona?" aliwaambia wageni. "Ni wazo rahisi, na ndiyo maana ni vigumu kulifikiria. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja tu mwenye akili ya namna hii, kijana aitwaye Twaha. Alituacha kabla hajamaliza." Akamwekea Beatrisi mkono begani. "Kwa miaka yote hii nilidhani wewe ni mtu wa bidii tu. Leo umemfikia."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasubiri kwa miaka kumi na miwili. Aliwahi kuyaota. Sasa yalikuwa yamekuja, na yalikuwa ya Twaha. Hata alipoiba, alikuwa ameiba nafasi ya pili. Sifa ilipita juu ya bega lake ikaenda kuketi Ruangwa, kwenye kiti cha yule yule, naye asiyejua hata kama anasifiwa. Beatrisi angeweza kuvumilia kusema uongo. Hakuweza kuvumilia kulinganishwa na Twaha kwa kazi ya Twaha.

"Sijamfikia," alisema. Sauti ilimtoka kavu. "Ni yeye mwenyewe."

"Nani?"

"Twaha. Yeye ndiye aliyeifanya, pamoja na mke wake, Hajra. Vifungo ni wazo la Hajra. Mimi niliandika namba tu."

Mashine zilinguruma shambani. Profesa aliondoa mkono begani.

"Yuko wapi?"

"Ruangwa. Mkabala na soko."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

"Na Jumanne ulinijibu nini?"

"Nilijibu kwamba ni langu."

Profesa alivua miwani, akaifuta vumbi, akaivaa. "Tutaongea," alisema. Kisha akaenda kwenye gari kwa hatua za haraka, haraka kuliko umri wake, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe aliyepotea ameonekana. Wageni wakamfuata. Hakuuliza kama Beatrisi anataka kuja.

Gari liliondoka. Beatrisi alibaki amesimama, akiliona banda waziwazi kana kwamba lilikuwa mbele yake: Twaha anainuka, Hajra anatoa pini mdomoni, benchi linasogea kumpa Profesa nafasi. Alikuwa amefanya jambo la haki, na jambo la haki halikumpa nafuu. Lilikuwa limempelekea Twaha zawadi nyingine.

Bi Mwantumu alikuja akiwa amebeba mashine mgongoni. "Umeutua mzigo?"

"Nimeutua, mama. Lakini roho bado inauma."

"Itauma. Mimi mke mwenzangu alizaa pacha mwaka niliotoka mimba. Niliwaogesha wale watoto huku roho inaniuma, wakakua hivyo hivyo." Akamgeuzia mgongo. "Hebu nimiminie unga, jua lisije likatukuta."

Beatrisi alifungua mfuko wa salfa, akammiminia.

Profesa Eliudi alikaa kwa Twaha saa mbili na nusu, akamwomba arudi chuoni kumalizia shahada. Twaha alikataa kuhama, akakubali jina lake liandikwe kwa sharti kwamba la Hajra litangulie. Hajra aliandika majina yake matatu kwenye karatasi kwa herufi kubwa ili yasikosewe, akarudi kwenye sare za shule alizokuwa akizishona. Wageni wawili walipiga picha na kuondoka kwenda Lindi. Bi Mwantumu alimaliza mikorosho kumi na miwili iliyobaki, akaoga, akaenda kwenye mkutano wa chama cha ushirika. Ijumaa saa nne asubuhi Beatrisi alituma ripoti yenye majina manne, lake likiwa la tatu, baada ya Hajra na Twaha na kabla ya Profesa. Jumatatu Profesa alimjibu kwamba atamwombea miezi sita, si miaka miwili, na kwamba atamweleza sababu ana kwa ana. Beatrisi alisoma barua hiyo mara mbili, akajibu kwamba amekubali, akachaji kishikwambi, akaenda Mandawa kukusanya vipimo vya wiki.